Saa Kumi na Nane Zisizokuwepo

Gari la Wakala liligoma kupanda mlima wa mwisho. Lilisema ramani yake haina barabara pale, likajizima katikati ya barabara hiyohiyo. Nililitukana kidogo, nikajitwika begi, nikapanda kwa miguu katika mvua ya Rungwe hadi kwenye geti la Kituo cha Mvuke cha Ilundo. Nilipofika nilikuwa nimelowa, nimechelewa na nimenuna, na kazi iliyonileta haikuwa ya kumchekesha mtu.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia mwanamume aliyesimama getini chini ya mwavuli mwekundu.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyetumwa kunifungia?"

Aliuliza bila kejeli, kama anayeuliza kama nimeshakunywa chai. Huyo alikuwa Anyelwisye, fundi mkuu wa Ilundo, mtu wa miaka hamsini na sita mwenye kovu la kuungua kutoka kiganja cha kushoto hadi kiwiko. Jina lake nilikuwa nalo kwenye orodha, na mbele ya jina kulikuwa na namba: hamsini na moja.

Kila fundi na kila mhandisi nchini alikuwa na namba yake. Alipimwa hisabati na uandishi wa programu, akapewa alama kati ya sifuri na mia, na alama ikafungwa kwenye kidole chake cha shahada. Kila valvu na kila swichi kubwa ilikuwa na kioo kidogo cha kusoma kidole. Ukiwa chini ya kiwango, gurudumu halizunguki hata mvute watu kumi. Kiwango kilianza arobaini, baadaye kikapanda hadi hamsini. Kesho yake, Jumamosi saa sita mchana, kilikuwa kinapanda hadi sabini. Mimi, Injinia Zawena Shekoloa wa Wakala wa Mizani, nilikuwa nimekuja kuhakikisha kwamba kinapanda Ilundo pia, maana mtandao wa kule ni wa kubahatisha.

"Si mimi ninayekufungia, mzee. Ni kanuni."

"Kanuni yenyewe imelowa chapachapa," alisema. "Ingia uote moto."

Sikuwahi hata kuvua viatu. King'ora kililia, na skrini ukutani ikaandika: 08:10, hitilafu, valvu namba nne. Mimi nina alama tisini na saba, kwa hiyo nilikimbia moja kwa moja hadi valvu namba nne. Anyelwisye hakunifuata. Alichukua bisibisi ndefu, akagusisha ncha yake kwenye bomba, akaweka mpini sikioni na kufumba macho. Alisogea hatua chache, akasikiliza tena.

"Injinia, iache hiyo, haina kosa. Njoo usikie huku."

Niliweka sikio kwenye mpini. Ndani ya bomba kulikuwa na kitu kinagonga, kwa mwendo wa kusitasita.

"Hayo ni maji," alisema. "Yamekaa, na mvuke unayarusha. Kitoa maji kimeziba chokaa. Hiyo valvu yako namba nne inalalamika tu kwa sababu ndiyo jirani."

Alizima mkondo ule, akafungua kitoa maji, akakisugua kwa brashi ya waya na kukirudisha mahali pake. Kazi safi kabisa. Halafu ikaja sehemu ya kulipasha bomba joto upya, na hapo nikaanza kukunja uso. Alifungua mvuke kidogo, akasubiri, akafungua tena, akapunguza, akaachia mwingine mwingi ukapotea hewani.

"Unajuaje ufungue kiasi gani?"

"Bomba likilia, napunguza."

"Kuna hesabu yake, mzee. Ungeokoa nusu ya mvuke huo."

"Najua ipo," alijibu bila kunitazama. "Kujua kwamba ipo ndiko kunakouma."

Saa tatu na nusu mtambo ulikuwa unanguruma vizuri. Anyelwisye alijipangusa mikono, akaenda kwenye kibao cha kumbukumbu na kufunga kazi. Aliandika kwamba imekwisha saa 3:30. Nilimwangalia akiandika na sikuona ubaya wowote, kwa sababu kweli ilikuwa saa tatu na nusu.

*

Mchana tulikula mbalaga, ndizi zilizopikwa na nyama zikalainika hasa, nikaanza kuusamehe mlima. Ndipo taarifa ya siku ikaingia kutoka makao makuu. Niliisoma kwa mazoea tu, kijiko kikiwa mdomoni. Ilundo, hitilafu moja. Muda wa kuiondoa: saa 19, dakika 20.

Nilicheka. "Mzee, makao makuu wanasema tutamaliza ile kazi kesho alfajiri, saa tisa na nusu."

Yeye hakucheka. "Wanasema hivyo kila siku. Nilishaandika barua mbili kulalamika, nikajibiwa kwamba Mizani haikosei."

Kijiko nilikiweka chini. Nilikuwa nimekaa naye saa moja na dakika ishirini, nikayaona maji yale kwa macho yangu. Mizani, programu inayopima nchi nzima, ilikuwa imemwongezea saa kumi na nane kamili. Namba iliyonyooka hivyo haiji kwa bahati. Nilijua imetoka wapi. Ilitoka kwangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipoandika sehemu hiyo ya Mizani. Mtambo huandika wenyewe saa ya hitilafu, kwa mfumo wa saa ishirini na nne. Nikaona kuna kazi nyingi ambazo saa ya kumaliza ni ndogo kuliko saa ya kuanza. Nikajiambia kazi hizo zimevuka usiku wa manane, kwa hiyo ongeza saa ishirini na nne. Mstari mmoja tu wa programu. Niliuonea fahari, na mkurugenzi wangu akanipigia makofi mbele ya watu.

Haikunijia kwamba kuna watu wanaandika saa kama wanavyoisema. Mama yangu akinipigia simu akaniambia nije saa nane, kalamu yangu inaandika 14:00 bila kuniuliza. Nchi nzima tunaishi hivyo, tunavuka kutoka mfumo mmoja wa saa kwenda mwingine mara hamsini kwa siku na hatujikwai. Kwenye vituo vikubwa mtambo hufunga kazi wenyewe, kwa hiyo hakukuwa na kosa. Kwenye vituo vidogo fundi ndiye anayefunga. Hakuna aliyemwambia aandike vingine, na hakuna aliyeniambia mimi kwamba haandiki kama mtambo.

Na vituo vidogo tulipeleka nani? Wenye alama za chini.

*

Mchana wote nilishinda kwenye ofisi ya Anyelwisye, skrini yangu ikiwa juu ya meza yenye mafuta. Kwanza nilitafuta kitu ambacho mtoto wa darasa la saba angekiona kama angeulizwa: katika vituo vidogo mia nne na kumi na mbili, kwa miaka kumi na moja, ni kazi ngapi ndogondogo za mchana zilizochukua chini ya saa kumi na nane? Jibu lilikuja haraka. Hakuna hata moja. Hakuna fundi hata mmoja wa kituo kidogo aliyewahi kukaza bolti mchana ndani ya saa mbili. Tulikuwa tunatazama wastani, na wastani ulituambia tulichopenda kusikia, sisi tuliofaulu hesabu. Niliona haya hadi masikio yakawaka moto.

Nilipiga simu vituo vitatu, kimoja Kigoma, kimoja Mtwara, kimoja Singida.

"Fundi, ukimaliza kazi saa tatu asubuhi unaandika nini?"

"Tatu," alijibu yule wa Singida. "Kwani ninyi huko mnaandika nini? Tano?"

Niliandika programu fupi ya kurudisha saa mahali pake, nikaichunguza kwa kazi mia mbili ambazo zilikuwa na kumbukumbu za joto la bomba, ili nisijidanganye mara ya pili. Zote zilikubali. Kisha nikaiachia data yote. Mizani hufanya jambo rahisi kueleza: inaweka alama ya kila fundi kando ya muda anaotumia na kando ya idadi ya hitilafu zinazomrudia, halafu inachora mstari kuonyesha alama inasaidia kiasi gani. Mstari wa zamani ulikuwa unapanda kama ngazi, hadi tisini na kuendelea. Ndiyo maana kila miaka michache tulipandisha kiwango.

Mstari mpya ulipanda kwa kasi mpaka alama arobaini na tano, kisha ukalala.

Niliurudia mara nne, haukubadilika. Chini ya arobaini na tano, hitilafu zilirudi mara tatu zaidi, na hilo halikuwa kosa la saa ya mtu. Asiyejua kabisa uwiano na kasi ya mabadiliko huharibu mitambo, basi. Juu ya hapo, kwa kazi ya kuendesha na kutengeneza, mwenye hamsini na moja hakuwa na tofauti na mwenye tisini na saba. Alama za juu zilionekana kusaidia mahali pamoja tu, kwa wanaosanifu mitambo mipya, na hata hapo waliong'ara ni wale waliowahi kushika spana.

Kwa hiyo kesho saa sita mchana tulikuwa tunawafungia mafundi elfu tisa bila sababu. Na wenye alama kati ya arobaini na tano na hamsini tulishawafungia zamani.

Nilimweleza Anyelwisye kila kitu. Alisikiliza akiwa amesimama, mkono wenye kovu ukiwa mfukoni.

"Tusekile alikuwa na arobaini na saba," alisema. "Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza bomba. Siku waliyoweka hamsini alijaribu gurudumu mara tatu, akavua ovaroli, akalikunja vizuri, akaondoka. Sasa anauza maparachichi Tukuyu mjini. Nikienda kununua hatuzungumzii kazi."

"Nisamehe, mzee."

"Miaka yote hii ninaitwa mzito. Mwanangu wa kiume alinionyesha jina langu kwenye orodha ya wazito, Injinia. Akaniuliza kama ni kweli." Alipumua. "Sasa utafanya nini?"

"Kwanza nimpigie mkurugenzi."

"Mpigie. Lakini nikwambie: ukinyamaza, kesho chai yangu usinywe."

*

Mkurugenzi Stamili Nachonyo alikuwa amenilea kikazi tangu siku ya kwanza. Uso wake ulijaa kwenye skrini yangu, miwani juu ya kichwa kama kawaida yake. Nilimtumia mchoro, akautazama kwa muda mrefu. Ana alama tisini na nane, hakuhitaji kuelezwa.

"Nani mwingine anajua?"

"Fundi mkuu wa hapa."

"Sawa. Zawena, mwanangu, nisikilize. Tutarekebisha, lakini taratibu. Kesho kiwango kipande kama kilivyotangazwa. Mwakani tutasema teknolojia imebadilika, tukishushe kidogo. Baada ya miaka mitano tutakuwa tumefika arobaini na tano, na hakuna aliyeaibika."

"Na hawa elfu tisa? Miaka mitano wafanye nini?"

"Watasubiri." Alivua miwani kichwani, akaishika mkononi. "Unakumbuka shule zilivyokuwa tulipoanza? Hisabati ilikuwa somo la kukimbiwa. Leo mtoto wa kike wa Newala anaandika programu kabla hajang'oa meno ya utotoni, kwa sababu anajua namba ile ndiyo mlango. Jumatatu utamwambia nini? Kwamba mlango ulikuwa umechorwa ukutani?"

Hilo lilinipata. Mimi ni mtoto wa aina hiyohiyo. Baba yangu alinunua kompyuta ya kwanza nyumbani siku kiwango kilipotangazwa, na hesabu niliipenda kwa dhati, naipenda mpaka leo.

"Na kuna wewe," aliendelea kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha. "Kusimamisha kiwango ghafla kuna njia moja tu, tamko la kosa, na analiweka aliyeandika programu, kwa jina lake. Ukiliweka, kiwango kinarudi arobaini kwa siku tisini, wengine wakague. Na kidole chako kinafungwa papo hapo, labda milele. Alama tisini na saba, na hutafungua hata bomba la maji ya kunywa. Nakuomba ulale kwanza."

"Mkurugenzi, wewe ungefanyaje?"

"Mimi nimeshakwambia nitakavyofanya," alisema, akakata simu.

*

Jumamosi niliamka nikiwa na hofu, na sioni sababu ya kuificha. Niliogopa kumaliza kazi niliyoisomea maisha yangu yote. Niliogopa magazeti. Zaidi niliogopa kwamba yule mtoto wa Newala atafunga daftari kwa sababu yangu.

Nilikaa nje ya ofisi, mvua imekatika, nikajaribu kumjibu Mkurugenzi kichwani. Ikanijia kwamba hoja yake ilikuwa na kosa kama la kwangu, la kudhani bila kuuliza. Alidhani hesabu inapendwa kwa sababu ya mlango. Lakini nani aliyeona saa kumi na nane za ziada? Anyelwisye alizilalamikia miaka yote, alijua ni uongo, na hakuwa na namna ya kuthibitisha. Nami nilikuwa na namna ya kuthibitisha miaka yote, na sikuwahi kusimama kwenye kituo nikatazama kazi ikifanyika. Kila mmoja alikuwa na nusu ya jibu, yeye macho, mimi hesabu. Mtoto wa Newala angeweza kuambiwa hivyo, na angeelewa kuliko wakubwa.

Nilipiga moyo konde, nikaandika.

"Mimi, Zawena Shekoloa, niliandika sehemu ya Mizani inayohesabu muda wa matengenezo. Nilikosea. Sikuuliza mafundi wanaandikaje saa. Kwa kosa hilo tumewaita wazito watu ambao si wazito. Data yote na programu ya kusahihisha zimeambatanishwa, zikaguliwe na yeyote. Hisabati haikusema uongo, mimi ndiye niliyeisemea. Chini ya arobaini na tano kazi huharibika kweli, kwa hiyo asije mtu akatumia jina langu kusema hesabu haina maana. Waliofungiwa wafunguliwe leo."

Ilikuwa saa tano na robo. Mtandao wa Ilundo ulikuwa unakuja na kuondoka. Nilibonyeza, ukakataa. Nikabonyeza tena, ukakataa. Nikapanda ngazi ya mnara wa maji na kompyuta kwapani, Anyelwisye akiishika ngazi chini na kunigombeza kwa Kinyakyusa, na huko juu nikabonyeza mara ya tatu. Ikaenda.

Simu ilianza kulia kabla sijafika chini. Niliizima.

Saa sita kamili tulisimama wote wawili mbele ya valvu kuu. Anyelwisye aliweka kidole kwenye kioo. Kijani. Aligusa gurudumu, likazunguka kama siku zote, na akabaki ameliinamia. Mabega yalikuwa yanamtetemeka. Niligeuka nikatazama mlima ili asione aibu.

Kisha nikaweka kidole changu. Nyekundu. Nilivuta gurudumu kwa nguvu zangu zote, likakaa vilevile. Nilijua litakataa, lakini machozi yalinitoka, na sikuyafuta haraka.

"Pole, mwanangu," alisema.

"Nimeshapoa."

"Hujapoa." Alitoa simu yake, akaandika ujumbe mfupi kwenda Tukuyu mjini, akairudisha mfukoni. Kisha akachukua chaki ya kuwekea alama, akanielekeza kwenye bomba la mkondo wa pili, lile alilolizima jana jioni ili kulisafisha, sasa limepoa. "Hili nataka kuliwasha leo. Nifundishe ile hesabu ya kupasha joto."

"Mzee, sina ruhusa ya kugusa chochote hapa."

"Nani amekwambia uguse? Simama pale nje ya mstari wa njano, useme. Mimi nitagusa. Nimepita kwa sababu umesema ukweli, sawa. Lakini hiyo hamsini na moja ni yangu, na sijaridhika nayo."

Nilisimama nje ya mstari wa njano. "Bomba sasa lina nyuzi ishirini. Tunataka lifike mia moja na sitini. Chuma hiki hakitaki kupanda zaidi ya nyuzi nne kwa dakika, kikipanda zaidi kinapasuka. Dakika ngapi?"

Aliandika kwenye zege kwa chaki, herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara. Mia moja na sitini, gawanya kwa nne. Akapiga mstari, akainua uso kwa furaha.

"Arobaini!"

Ningeweza kumwachia. Dakika tano za ziada zisingeumiza bomba, na siku ile alikuwa ameshinda vya kutosha. Nilipangusa kamasi kwa mkono wa shati.

"Umekosea, mzee. Bomba halikuanzia sifuri. Rudia."

Alilitazama bomba, akaitazama namba yake, akaifuta kwa kiganja chenye kovu, akarudia.